Mwanafunzi wangu namjua siku anayoondoka

Alama zimeingia kwenye mfumo. Nimebonyeza pale pa kuwasilisha, safu ya namba za watahiniwa imefungwa, na kuanzia dakika hiyo hata mimi mwenyewe siwezi kuigeuza 54 ikawa 55. Kwa mwalimu wa chuo kikuu hapa kwetu huo ndio mwisho wa mwaka. Mahafali yatakuja baadaye, na majoho yake, na maua ya plastiki, na mashangazi waliokodi Coaster kutoka mkoani kuja kupiga vigelegele, lakini wakati huo sisi tutakuwa tumeshaanza mwaka mwingine na tumeshachoka upya. Mwaka wetu unaishia Agosti, mtu akiwa peke yake mbele ya kompyuta, chai imepoa pembeni.

Raha yake ni kubwa, sitaificha. Nimezima simu mchana kweupe. Nimefua mapazia. Nimekwenda Feri kununua samaki, nikachagua kwa kujishaua, nikabishana bei hadi muuzaji akaniuliza kama sina kazi ya kufanya. Sina, nikamjibu, na jibu hilo lilinipendeza mdomoni kuliko hata changu niliyemnunua.

Watu hudhani tunachofurahia ni kupumzika kufundisha. Mama mwenye genge mtaani kwetu huniambia kila mwaka, "Mwalimu, mmefunga? Haya, kuleni raha za serikali." Namwitikia, nachukua nyanya zangu, naondoka. Kumweleza kungehitaji kiti. Kufundisha hakujawahi kunichosha kiasi cha kutamani likizo. Nafundisha fasihi ya Kiswahili. Mtu anayelipwa mshahara kwa kuwasomea vijana Kezilahabi na Ebrahim Hussein hana uso wa kulalamika. Kinachotumaliza ni kusahihisha.

Piga hesabu pamoja nami. Darasa la wanafunzi 400 si kioja tena katika vyuo vyetu vya umma, hasa kwenye zile kozi za mwaka wa kwanza ambazo kila anayesomea ualimu wa Kiswahili lazima apitie. Mtihani wa mwisho ni wa saa tatu, maswali matatu ya insha. Mwalimu akimpa kila mtahiniwa dakika 15, yaani dakika tano kwa insha iliyoandikwa kwa saa nzima, atahitaji dakika 6,000. Hizo ni saa 100. Ni zaidi ya siku 12 za kazi, za saa nane kila moja, bila kwenda msibani, bila kikao, bila umeme kukatika. Na hiyo ni kozi moja. Wenye kozi moja ni wachache mno.

Katika wiki hizohizo unasimamia mitihani ya wenzako, unazunguka ukumbini ukigawa karatasi za nyongeza na kumsindikiza mtu chooni kama askari magereza. Mezani kuna tasnifu ya mwanafunzi wa uzamili ambaye ameandika sura ya nne kabla ya sura ya pili. UNESCO mwaka 2021 iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi watu wa Kiswahili tulifurahi kwa dhati. Ila siku hiyo huangukia majira ya mitihani, kwa hiyo wakati wengine wanakata keki na kutoa hotuba za kuisifu lugha yetu, wengi wetu tunaoifundisha tumeinamia rundo, kalamu nyekundu mkononi.

Hebu niwaeleze rundo lenyewe lilivyo. Vijitabu kumi vya mwanzo unavisoma kama binadamu. Unaandika pembeni "mfano uko wapi?", "una hakika?", "hapa umenena". Kufika cha hamsini, mkono umeshajifunza kupiga tiki wenyewe. Kila mtu ameanza na sentensi ileile, kwamba fasihi ni sanaa inayotumia lugha kufikisha ujumbe kwa hadhira iliyokusudiwa, hata kama swali halikuuliza fasihi ni nini. Hayo ni madesa. Hurithishwa mwaka hadi mwaka, hutolewa fotokopi kwenye vibanda vya getini, hukaririwa usiku kucha kwenye vimbweta. Mengine nikiyasoma najikuta mwenyewe humo ndani: mhadhara nilioutoa zamani, ulionakiliwa na kunakiliwa tena hadi ukapoteza mkia.

Siwalaumu sana. Mtu akijua kwamba maisha yake yataamuliwa kwa saa tatu, na mwamuzi ana dakika 15 tu za kumpa, atameza kilicho salama. Ukiongeza na GPA ndiyo kabisa. Matangazo ya kazi ya mkufunzi msaidizi katika vyuo vya umma hudai GPA isiyopungua 3.8, mwenye 3.7 hata barua yake haifunguliwi. Ndiyo maana simu yangu ikiwashwa hukuta ujumbe umejipanga: "Shikamoo Madam, samahani kwa usumbufu, nilikuwa natarajia A nimeona B+." Kanuni hairuhusu kujadili matokeo kabla Seneti haijayapitisha, nami hujibu hivyo, na ujumbe unaofuata huwa unaanza tena na shikamoo.

Mwaka huu alinipigia baba mmoja, mtu mzima, kutoka kijijini huko Kanda ya Ziwa. Sijui namba yangu aliipataje. Alisalimia kwa utaratibu, akauliza habari za kazi, habari za mvua ya Dar es Salaam, ndipo akafika kwenye shida.

"Mwalimu, kijana wangu anasema huko chuoni amepata sapu. Sasa mimi nataka kujua, hiyo sapu ni shilingi ngapi?"

Nilimwambia, mzee wangu, sapu ni kurudia mtihani, atakuja Septemba kuufanya upya. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo ile laki niliyotuma…" Hakumalizia, nami sikumsaidia kumalizia. Tuliagana kwa heshima.

Lakini nilikuwa kwenye rundo. Mahali fulani katikati yake, ukiwa umeshakata tamaa na kizazi kizima, hutokea kijitabu. Swali lilihusu Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, ile iliyowahi kupigwa marufuku shuleni kabla ya kuja kufundishwa waziwazi. Niliuliza nani alaumiwe kwa yaliyomfika Rosa. Majibu yalikuja kwa orodha: ukali wa baba, ulevi wa baba, malezi mabaya, umaskini, marafiki wabaya. Mmoja aliulaumu utandawazi. Kisha huyu, mwandiko mdogo ulioinamia kushoto, akaandika kwamba Zakaria anamlinda binti yake kwa fimbo, lakini kitabu kizima hakuna mahali anapomuuliza swali na kungoja jibu.

Niliweka kalamu chini. Unaweza kumbishia, na mimi ningependa sana kumbishia, maana kuna kurasa ninazoweza kumwonyesha. Aliendelea kwa kurasa tatu, hakutumia desa hata moja, akafika mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwa nimepafikiria kwa miaka yote niliyoifundisha riwaya hiyo. Nilimpa alama zake, nyingi, na pembeni nikaandika mistari minne ya kujibizana naye.

Mistari hiyo hataiona. Kijitabu chake kimefungwa pamoja na vya wenzake, kimekwenda stoo, kitakaa humo muda uliowekwa endapo atakata rufaa, kisha kitateketezwa. Kilichomfikia yeye ni herufi moja kwenye skrini. Nami nilichokuwa nacho ni namba ya mtihani. Hata nilipokuja kuliona jina, halikunirudishia sura yoyote. Nadhani alikuwa miongoni mwa wanaokaa safu za nyuma ya ukumbi, kule ambako kipaza sauti kikigoma mwalimu anabaki kuwa mtu mdogo anayepunga mikono. Sauti yake sijawahi kuisikia.

Hapo ndipo kitumbua cha Agosti huniingilia mchanga. Tumeupanga mwaka wa masomo kichwa chini miguu juu. Katika vyuo vyetu vingi kazi za muhula zina alama 40, na mtihani wa mwisho una 60. Maana yake, jambo zito kuliko yote ambalo mwanafunzi anatuambia mwaka mzima, anatuambia siku ambayo hatuwezi tena kumjibu. Tunamsoma akiwa ameshapanda basi la kwenda kwao. Halafu tunapumua, tunasema mwaka umeisha, tunakwenda Feri.

Ninachokidai ni kidogo na kinawezekana. Zaidi ya nusu ya alama zitokane na maandishi ambayo mwanafunzi anarudishiwa mkononi wakati muhula bado unaendelea, yakiwa yamesomwa, na yeye akalazimika kuyajibu. Mtihani wa mwisho ubaki, sina ugomvi nao, lakini upungue uzito. Na kila mwanafunzi, angalau mara moja kwa muhula, akae kwenye semina ya watu wasiozidi 20 ambamo kukaa kimya hakuwezekani.

Wakongwe wakisikia semina hukumbuka Mlimani ya zamani, na macho yao hulegea. Ni kweli, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kilianzia mtaa wa Lumumba katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wa sheria ambao hawakufika hata 15. Mwalimu aliwajua wote, na bila shaka aliwajua na wake zao. Mimi siitamani hali hiyo. Ni mtoto wa mkulima wa pamba wa Kwimba. Katika chuo cha watu 15 mtu kama mimi angepatikana nje, akifagia. Vyuo vilipopanuka, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ilipoanza kazi mwaka 2005, waliingia vijana ambao baba zao hawajui sapu ni nini. Hilo ni jema na asitokee mtu wa kulirudisha nyuma. Ila tumewakopesha ada, tumewapa bumu, tumewajengea kumbi za kuketi mamia, tukabana mahali pamoja tu: mshahara wa mtu wa kuwasomea insha.

Kwa darasa la 400, vikundi vya watu 20 ni vikundi 20. Wakufunzi wasaidizi wanne, kila mmoja vikundi vitano kwa wiki, kazi imekwisha. Watu hao wapo. Kila mwaka tunawatunuku shahada za daraja la kwanza vijana ambao wangeifanya kazi hiyo kwa moyo wote, halafu tunawakuta miaka miwili baadaye wakisajili laini za simu chini ya mwavuli.

Wenzangu wana hoja ya kunijibu, na mwaka huu ina nguvu kuliko zamani. Ukihamishia alama kwenye kazi za kuandikia nyumbani, wanasema, utakuwa unaisahihisha akili mnemba. Wana haki ya kuogopa. Nimepokea insha za muhula zenye Kiswahili kilichonyooka mno, kisicho na kwao, kisichokosea hata pale ambapo mtu wa kawaida angekosea, zikitaja wahusika ambao Shaaban Robert hakuwaumba. Ukumbi wa mtihani, kalamu na karatasi, simu zimeachwa mlangoni, unaonekana ndiyo ngome pekee iliyobaki.

Lakini ngome hiyo inalinda nini? Desa lililokaririwa nalo halikutungwa na aliyeliandika. Tumekuwa tukilipa alama miaka nenda miaka rudi kwa sababu tu limepitia kwenye mkono wa mtu. Dawa ya yote mawili ni moja, na ni ya zamani: muulize. Mwite mwenye insha, mpe dakika tano, muulize kwa nini amesema alichosema. Aliyeandika mwenyewe atababaika, atajirekebisha, pengine atabisha. Aliyechotewa na mashine utamjua kabla hajakaa vizuri. Dakika tano kwa wanafunzi 400 ni saa 33 na ushee. Ni theluthi moja ya zile saa 100 za rundo, na mwisho wake unawajua watu 400 kwa sura.

Najua pia lisilosemwa vikaoni. Mtihani mmoja mkubwa unatufaa sisi. Unatuwezesha kupotea katikati ya muhula, kwenda kwenye warsha, kumalizia makala ya Mulika au Kioo cha Lugha ambayo bila hiyo hakuna kupanda cheo. Cheo chetu hupimwa zaidi kwa machapisho. Mwalimu aliyewasikiliza vijana 400 na yule aliyewasomea slaidi wanaingia kwenye kikao cha kupandishwa vyeo wakiwa sawasawa, na mwenye makala nyingi ndiye anayetoka na barua. Mradi jambo hilo linabaki hivyo, tusishangae watu wenye akili timamu wakichagua rundo.

Huku nje chuo kimenyamaza. Vimbweta vimebaki na majani ya mwembe juu yake. Wa bajaji wamelala kwenye bajaji zao, vibanda vya fotokopi vimefungwa isipokuwa kimoja, na mama lishe aliyekuwa akipika sufuria tatu za wali sasa anapika moja na bado inabaki. Alinilalamikia juzi kwamba mwezi wa nane kwake ni kiangazi. Sikuthubutu kumwambia kwamba mimi ndio nimeanza kunenepa.

Nina Peponi mezani, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobel. Niliwahi kuisoma kwa kazi, nikiwa na penseli. Safari hii naisoma bila penseli. Naifungua asubuhi, nasoma sura moja, nalala tena, na hakuna anayenisubiri nimweleze dhamira ni zipi.

Muda huo wenyewe ni mfupi. Wiki ijayo naingia barabarani kukagua mafunzo ya ualimu kwa vitendo, Lindi na Mtwara, ambako nitakaa kwenye dawati la nyuma la kidato cha pili nikimtazama mwanafunzi wangu akifundisha. Watu wa mtaani huzihesabu posho zetu za safari hiyo vizuri kuliko mhasibu. Mimi safari hiyo naipenda kwa sababu nyingine. Kule mwanafunzi ana sura, ana jasho, ana chaki kwenye suruali, na kipindi kikiisha tunakaa chini ya mti nampa maoni yangu, naye ananijibu, wakati mwingine kwa ukali. Nimewahi kuambiwa na mmoja wao, "Madam, wewe hukuona nilivyowapata wiki iliyopita." Huo ndio ualimu, na unafanyika kilomita mia kadhaa kutoka chuoni, baada ya mwaka kuisha.

Kabla sijafunga ofisi nilimwandikia mkuu wangu wa idara. Niliomba kwamba kuanzia Oktoba kozi yangu moja tu, ile ya riwaya, ijaribiwe kwa utaratibu huu: insha zinazorudishwa, dakika tano za maswali, mtihani wenye alama 40 badala ya 60. Niliomba wakufunzi wasaidizi wawili, nikijua nitapewa mmoja. Jibu lilikuja usiku, fupi: "Dokta, leta andiko, liende kamati ya taaluma." Nimeshaanza kuliandika. Ukurasa wa kwanza una jedwali la zile saa 100 na zile 33, maana kamati hupenda jedwali. Ukurasa wa pili nitauandika Mtwara.